Kilwa Kisiwani: Kuta Zinazoliwa kutoka Chini

Mgeni anayevuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hupokewa na Gereza, ngome iliyosimama ukingoni mwa maji. Wareno walijenga hapo mwaka 1505. Kinachoonekana leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani ya mnamo 1800. Mgeni hupiga picha, kisha hutembea hadi Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa. Ni wachache wanaoinama kutazama msingi wa ukuta unaoelekea baharini, na huko ndiko kwenye tatizo.

Kuta za Kilwa ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Penye ukuta uliochakaa, chokaa hiyo ukiikwaruza kwa kucha hudondoka kama unga. Hata hivyo, si hapo bahari inapoanzia. Siku za bamvua, maji ya pwani hii hupanda na kupwa kwa zaidi ya mita 3, na kila yanaporudi huondoka na mchanga wa chini ya jengo. Msingi hubaki ukining'inia, ukuta hupata ufa, na kipande kizima kinaweza kuporomoka siku ambayo bahari ni shwari. Anayesubiri dhoruba ndipo ashtuke atakuwa amechelewa. Mikoko ndiyo iliyokuwa ikivunja nguvu ya mawimbi, nayo ilikatwa.

Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331, liko juu ya genge na lina adui wa pili: mvua. Maji yanayotiririka hubeba udongo wa ukingoni. Mimea iliyoota kwenye genge huushika udongo huo, lakini mizizi yake hupenya kuta na kuzipasua. Ukiifyeka, genge linamomonyoka. Ukiiacha, kuta zinaachana.

UNESCO ilipoiweka Kilwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, ilieleza kwamba upande wa mashariki wa kasri ulikuwa ukitoweka hatua kwa hatua. Mwaka 2014 Kilwa iliondolewa kwenye orodha hiyo, baada ya kuta kuimarishwa na mikoko kupandwa. Kazi hiyo ni ya kweli na inastahili heshima. Lakini usawa wa bahari duniani umepanda kwa takriban sentimita 20 tangu 1901 na bado unapanda, na kila sentimita huongezwa juu ya bamvua ileile.

Kinachopotea si mawe tu. Kigae cha kauri ya China kikiwa ndani ya tabaka lake la udongo humwonyesha mwanaakiolojia chumba kilitumika lini, na bidhaa zilitoka wapi. Genge likishuka, tabaka huvurugika na kigae huishia ufukweni, kikisuguliwa na mchanga. Anayekiokota huko ameshika kipande kizuri cha kauri. Chumba kilimotoka hakuna tena wa kukitaja.