"Nipo hapa wiki mbili": Kiingereza chake ni kipi?



Mama mmoja amefika nchini wiki mbili zilizopita. Jirani anamuuliza, "How long have you been here?" Kichwani jibu liko tayari kwa Kiswahili: nipo hapa wiki mbili sasa. Mdomoni linatoka, "I am here for two weeks." Jirani anaelewa kwamba mama huyu atakaa wiki mbili tu, kisha ataondoka. Maneno yote ni sahihi. Kilichokosewa ni wakati wa kitenzi. Alipaswa kusema, "I have been here for two weeks."

Katika Kiswahili, jambo lililoanza zamani na bado linaendelea tunaweza kulisema kwa -na-: "Ninafanya kazi hapa tangu 2019." Kiingereza hakifanyi hivyo. Ukitaja tangu lini, au muda uliopita hadi sasa, tumia "have" au "has": "I have worked here since 2019." Wakati uliopo wa kawaida ni wa mazoea: "I work on Saturdays."

Watoto, msicheke bado! Nanyi mna mtego wenu. Shangazi anapiga simu, anamtaka bibi. Bibi yuko usingizini, nawe unajibu, "Bibi analala." Shangazi anaweza kudhani ndiyo kwanza anajilaza: "Basi mpe simu upesi!" Sema, "Bibi amelala." Hapo -me- inaonyesha kwamba tendo limekwisha, lakini hali yake imebaki. Ndiyo maana tunasema nimechoka, nimeshiba, amesimama. Kiingereza husema, "I am tired," "I am full," "She is standing."

Kwa hiyo si kila -me- ni "have". "Nimekula" ni "I have eaten," lakini "nimechoka" ni "I am tired." Jiulize: ninaeleza hali niliyo nayo sasa, au jambo nililokwisha kulifanya?

Zoezi la nyumbani: semeni sentensi hizi kwa Kiingereza, mzazi na mtoto pamoja.

1. Tunaishi hapa tangu mwaka jana.
2. Nimepotea.
3. Baba amekaa sebuleni.
4. Dada amepika wali.

Kisha mtoto atunge sentensi mbili za Kiswahili zenye -me-, mzazi azisahihishe. Majibu tutayapitia darasani Jumamosi.