Sura ya 7: Hodi Isiyoitikiwa

Mwaka 2022 wadukuzi waliiba nakala rudufu za hifadhi za nywila za wateja wa LastPass, kampuni ya Marekani. Sehemu muhimu ya wizi huo ilipitia nyumbani kwa mhandisi mmoja, kati ya wanne tu waliokuwa na ruhusa ya kufikia funguo za hifadhi hizo. Kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na Plex, programu ya kupanga na kurusha filamu na muziki. Toleo alilokuwa nalo lilikuwa na kasoro iliyozibwa tangu Mei 2020. Wadukuzi wakapenya hapo, wakapandikiza programu inayonasa kila kitufe kinachobonyezwa, wakamsubiri aandike neno lake kuu la siri.

Anayevamia seva ya filamu, basi, mara nyingi hana haja na filamu. Anataka kilicho jirani nayo: picha za familia, nyaraka za benki, kompyuta ya kazini iliyounganishwa na Wi-Fi hiyo hiyo.

Wengi hujipa moyo kwamba hakuna anayewajua. Mdukuzi hahitaji kukujua. Anwani za IPv4 ni takriban bilioni 4.3, na mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa ZMap, programu iliyoweza kubisha hodi kwenye poti moja ya anwani zote za umma kwa muda usiofika dakika 45, kwa kutumia kompyuta moja tu. Plex husikiliza kwenye poti 32400, na Jellyfin, programu nyingine ya aina hiyo, kwenye 8096. Kubadilisha namba hiyo ni kuhamisha mlango. Kufuli bado hujaliweka.

Anza na ruta. Zima UPnP, huduma inayoruhusu vifaa vya ndani kufungua poti bila kukuuliza, kisha kagua poti zilizo wazi na ufunge usiyoijua kazi yake.

Ukiwa safarini, ingia nyumbani kwa VPN. WireGuard, iliyomo ndani ya kerneli ya Linux tangu Machi 2020, ina tabia njema kwa kazi hii: asiye na ufunguo akibisha, haimwitikii hata kidogo. Kwake yeye, nyumba haipo.

Kama ni lazima ndugu waingie bila VPN, tanguliza proksi kama Caddy, inayojipatia cheti cha usalama bila malipo kutoka Let's Encrypt. Cheti hulinda mawasiliano njiani, lakini hakizibi kasoro ya programu iliyo nyuma yake. Tena, vyeti huandikwa kwenye daftari la wazi, kwa hiyo jina la seva yako litasomwa na yeyote. Mpe kila ndugu akaunti yake na nywila ndefu isiyotumika kwingine.

Halafu jiandae kana kwamba mtu atapenya. Programu isiendeshwe kwa mamlaka ya msimamizi mkuu. Iruhusiwe kusoma folda za filamu tu, isiweze kuzifuta. Picha zisizo na mbadala ziwe na nakala kwenye diski isiyounganishwa na seva.

Mwisho, tenga siku moja ya juma uwe unasasisha programu. Kati ya Mei 2020 na uvamizi ule, Plex ilitoa matoleo mapya yapatayo 75. Lolote kati ya hayo lingeufunga mlango wa yule mhandisi.