Ulitibiwa saratani kwa mionzi? Uangalie na moyo

(Muziki unapanda, kisha unashuka)

Leo tunaongea na mtu aliyewahi kutibiwa saratani, yaani kansa, kwa mionzi ya kifuani. Hatusemi picha ya eksirei ya kawaida. Tunasema mionzi ya tiba, ile unayorudia siku nyingi.

Mionzi hiyo huua saratani na imeokoa wengi. Lakini ikielekezwa kwenye titi la kushoto au katikati ya kifua, inaweza kuufikia moyo. Mishipa inayoulisha moyo huweza kuziba polepole. Vali, yaani milango ya moyo, huweza kukakamaa. Mfuko unaofunika moyo huweza kujaa maji.

Madhara huchelewa. Watafiti waliwafuatilia wanawake wa Sweden na Denmark waliopata mionzi kwa saratani ya titi kati ya 1958 na 2001. Kadiri moyo ulivyopata mionzi mingi, hatari ya ugonjwa wa moyo iliongezeka. Hatari hiyo ilianza ndani ya miaka 5 ya kwanza, ikaendelea hata baada ya miaka 20.

Sasa fikiria sisi wakimbizi. Katika miaka 20 umevuka mpaka, karatasi za hospitali zimebaki nyumbani. Ukisema unachoka, daktari mpya atajuaje?

Kwa hiyo sema mwenyewe: “Niliwahi kutibiwa saratani kwa mionzi ya kifuani.” Taja na mwaka.

Nenda kliniki ukiishiwa pumzi unapobeba maji au unapolala chali, miguu ikivimba, au moyo ukienda mbio bila sababu. Kifua kikikubana na maumivu kwenda mkononi au kwenye taya, usingoje kesho. Nenda sasa hivi.

Mhudumu atapima presha na kusikiliza moyo. Kuna kipimo cha umeme wa moyo: unabandikwa nyaya kifuani, haziumi. Kuna pia altrasaundi ya moyo, kama ile ya wajawazito, inayoonyesha vali na nguvu ya moyo kusukuma damu. Kliniki ikikosa mashine hizo, uliza kuhusu rufaa.

Na wewe ambaye bado unatibiwa, usikimbie mionzi kwa hofu. Saratani haingoji. Muulize daktari wako moyo utakingwaje.

Tukutane kipindi kijacho. Jirani yako aliyepona saratani, mfikishie ujumbe huu.

(Muziki)