Surua Iliyokumbukwa Miaka 65
Mwaka 1846 surua iliingia Visiwa vya Faroe na kulaza watu wapatao 6,000 kati ya 7,800. Daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, aligundua jambo: wazee walioiugua mwaka 1781 hawakuipata tena, hata mmoja.

Miaka 65! Kinga yao ilikaa wapi?

Ugonjwa ukiisha, askari wengi wa mwili, yaani seli za kinga zilizopambana nao, hufa. Wachache hubaki. Baadhi hujichimbia ndani ya uboho wa mifupa wakitoa kingamwili mfululizo, huku seli jirani zikiwapa ishara za kuwaweka hai. Wengine, seli T za kumbukumbu, huzunguka katika damu na tezi za limfu, wakijigawa polepole kufidia wanaokufa. Virusi vikirudi, seli hizo huongezeka upesi na kuvizima kabla vipele havijatokea.