Kilatini na Kigiriki cha zamani vinasaidia nini?

Mwanafunzi wa Latin-Philo akisema anataka kuendelea na masomo hayo kwenye chuo kikuu, wazazi wengi huuliza: lugha ambayo hakuna mtu anaisema tena italeta kazi gani?

Kwenye chuo kikuu, masomo hayo si lugha tu. Mwanafunzi anasoma pia historia, sheria na siasa ya Wagiriki na Waroma. Anazoea kusoma maandishi pole pole na kujiuliza: nani aliandika, na juu ya nini?

Valentin-Yves Mudimbe, mzaliwa wa Likasi mwaka 1941, alipitia njia hiyo. Alifundisha Lubumbashi, kisha Marekani. Mwaka 1994, katika kitabu The Idea of Africa, alirudilia maandishi ya Wagiriki kama Herodotus, kuonyesha namna wageni walichora sura ya Afrika tangu zamani.

Hata sheria ya 1888, ile tribinali za Kongo zinatumia juu ya madeni na mauzo, ilifuata sheria za Wabelgiji na Wafaransa, zenye mizizi Roma. Masomo hayo hayaahidi kazi. Yanafundisha kusoma vizuri mapatano mbele ya kutia sahihi.