Kabla Fundi wa Kuosha Veranda Hajafika

Ruracio ya dadangu ilikuwa Jumamosi. Alhamisi jioni nikampigia simu jamaa mmoja anayeosha kwa mashine ya presha, tukaelewana: veranda, kabro ya mbele, viti na mito yake, Sh6,000. Nikamtumia Sh3,000 papo hapo, nikalala kama mtu aliyemaliza kazi.

Ijumaa saa tatu asubuhi vijana wawili wako getini na mashine. Maji hakuna, ilikuwa siku ya mgao na tangi lilikuwa robo. Gari la mpangaji wa nyuma liko katikati ya kabro, mwenyewe ameenda kazini na funguo. Chini ya viti kuna magunia ya makaa, baiskeli bovu, na vyungu vya maua ambavyo hakuna aliyejua vitawekwa wapi. Kazi ilianza saa saba. Maji tulinunua ya mkokoteni, na bado nikadaiwa pesa ya kungoja. Nilinung'unika, lakini kusema kweli kosa lilikuwa langu. Hayo ya malipo ya mwisho nitayafikia.

Tuanze na maji, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama. Mashine ndogo ya umeme hutumia kama lita 6 hadi 8 kwa dakika, na zile za petroli huzidi hapo. Piga hesabu: saa mbili kwa lita 7 kila dakika ni lita 840, yaani mitungi 42 ya lita 20. Ni kweli fundi hafyatui maji muda wote, kuna wakati anasimama kusugua, lakini tangi la lita 500 lililo nusu halitakufikisha mbali. Kama mtaa wenu una ratiba ya mgao, panga kuosha siku inayofuata siku ya maji. Usipange siku yenyewe, maana unajua vile huwa: yanaweza kuja usiku wa manane, au yasije kabisa. Na umuulize fundi mapema kama maji ni yake au ni yako. Kama ni yako, bei ishuke.

Angalia pia msimu. Mito ya sponji iliyooshwa katikati ya mvua ya masika inaweza kukaa siku kadhaa bila kukauka, na ikianza kunuka hakuna mgeni atakayeikalia. Ioshwe siku tatu au nne kabla ya shughuli.

Fundi analipwa kuosha, si kuhamisha

Jioni ya kuamkia siku ya kazi, toa kila kitu kinachobebeka: viti, mikeka, vyungu, viatu, vile vitu vya watoto. Jiko la nyama choma litolewe jivu likiwa limepoa kabisa na likiwa kavu, kwa sababu jivu likilowa huwa tope linaloingia kati ya kabro. Mafuta ya nyama na oili ya gari hayatoki kwa maji peke yake. Yanataka sabuni ya kukata mafuta, iachwe kwa muda, kisha isuguliwe. Mwambie fundi kuhusu madoa hayo mkiwa bado kwa simu. Akiyakuta siku ya kazi, bei hubadilika, na hapo huna nguvu ya kubishana.

Soketi na taa za nje zizimwe kwenye swichi kuu, kisha zifunikwe kwa nailoni, kama bado unayo ile ya kabla ya marufuku ya 2017. Mbwa afungiwe. Kama Jik itatumika, mwagilia maua maji safi kwanza na uyasuuze baadaye. Na usikubali mtu achanganye Jik na dawa ya choo yenye asidi ili "kazi itoke haraka": mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu, hata ukiwa nje.

Si kila sakafu inataka presha kali. Mawe ya Mazeras hubambuka yakipigwa kwa karibu, na vivyo hivyo kuta za matumbawe kule Pwani. Hapo mwambie fundi arudi nyuma na mpira, au atumie brashi. Kwa kabro, presha hufukua mchanga wa katikati. Uwe na debe la mchanga wa kurudishia, la sivyo baada ya wiki chache matofali yanaanza kucheza ukiyakanyaga.

Ukiwa unaishi ghorofani, jambo la kwanza ni nguo za jirani wa chini. Zungumza naye, zungumza na keateka, na umwachie soja wa geti jina la fundi.

Sasa pesa

Piga picha kila kona kabla ya kazi, hata ile taili iliyopasuka zamani, umtumie fundi. Chini yake andika mliyokubaliana: sehemu zipi, bei gani, nani analeta maji na sabuni, na namba ya kulipia. Ujumbe mmoja mfupi unatosha.

Malipo ya awali yawe ya sabuni na nauli, si nusu ya kazi kama nilivyofanya mimi. Salio lingoje sakafu ikauke. Kabro iliyolowa huonekana safi yote. Madoa hujitokeza jua likishapiga saa moja au mbili. Tembea na fundi, muone pamoja, ndipo utume.

Na sasa lile nililoahidi. Jioni ile kijana mmoja alinipa namba akasema, "Lipia hapa." Jina lililotokea kwenye simu halikuwa la mwenye kazi. Niliona. Lakini wapishi walikuwa wananingoja, nikaweka PIN. Saa mbili usiku mwenye kazi ananipigia akidai Sh3,000 zake. Kilichonisaidia ni ujumbe wa malipo: jina, saa na namba ya muamala. Nilimtumia, na baada ya siku nne za simu wakamalizana wao kwa wao. Ningekuwa nimeufuta, ningelipa mara mbili.

Siku hizi nalipa kwa namba ya mwenye kazi au Till yake pekee, ile iliyo kwenye ujumbe wetu. Jina likiwa tofauti, nasitisha na kumpigia. Ukituma kimakosa, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja, na usimpe yeyote PIN yako hata akisema anakusaidia kurudishiwa. Kijana aliyefanya vizuri mtumie chai yake kando.

Hapa kwetu tumeanza kuosha pamoja, nyumba nne, kila moja Sh1,500, na mtu mmoja anakusanya. Mpangaji wa nyuma humwachia soja funguo za gari usiku wa kuamkia siku ya kazi, na mchango wake huingia kabla ya wangu.