Kompyuta Mpakato: Utengeneze, Ununue Nyingine au Usubiri?

Kompyuta ikianza kujikokota, wengi hukimbilia dukani kuuliza bei ya mpya. Anza kwa fundi, umuulize kinachoisumbua. Mara nyingi ni diski, RAM au betri, na kwa mashine nyingi vyote vitatu hubadilishwa.

Diski ya kuzunguka husoma takriban MB 100 kwa sekunde. SSD ya SATA hukaribia 500. Ndiyo maana mashine ya mwaka 2016 ikiwekewa SSD huonekana kama imefufuka. RAM ya GB 4 hujaa ukifungua kurasa chache tu za intaneti; GB 8 ndicho kiwango cha kuanzia, na 16 kwa anayehariri video. Kuhusu betri, fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha linganisha uwezo wa kiwandani na uliobaki. Ukiwa chini ya nusu, badilisha betri, uiache kompyuta.

Kikwazo kisichoondolewa na spea ni prosesa. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, karibu kila mara prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Kizazi husomeka kwenye jina: i5-6300U ni cha 6, i5-8350U ni cha 8. Unaponunua mtumba usiridhike na jina la modeli, kwani zipo EliteBook 840 G5 na ThinkPad T480 zilizotoka na kizazi cha 7. Washa, soma prosesa, ndipo mpatane bei.

Sasa hesabu. Tuseme SSD, RAM na ufundi vinafika shilingi 180,000, na mtumba wa kizazi cha 8 pale Kariakoo unauzwa 600,000. Mwenye kizazi cha 8 asisite: atengeneze. Mwenye kizazi cha 6 ana njia mbili za kusogeza siku: mpango wa Microsoft wa masasisho ya usalama ya ziada, uliopangwa hadi 13 Oktoba 2026, au kuweka Linux Mint, ambayo ni bure na inatosha kwa barua pepe, maandishi na intaneti. Huyu anunue spea ile tu itakayohamia kwenye kompyuta ijayo, na aulize mapema kama itaingia. Matengenezo yakivuka nusu ya bei ya mbadala, ni heri kuzitunza fedha hizo.

Mpya dukani huja na waranti na betri ambayo haijachoka, lakini kagua ndani. Nyingi nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao. MacBook Air ya M1 ukiichukua na GB 8, utakaa na GB 8 hadi mwisho wake. Kwa hiyo lipia RAM ya kutosha siku ya kununua.

Je, kusubiri kunashusha bei? Si lazima. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda kwa kasi, kwa kuwa viwanda vilielekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Desemba mwaka huo, Micron ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya RAM na SSD kwa wanunuzi wa kawaida. Anayesubiri punguzo la spea anaweza kuikuta bei imempita.

Subiri basi ikiwa mashine bado inapokea masasisho na inamaliza kazi zako, huku ukiweka akiba kila mwezi. Nunua nyingine sasa kama inakukosesha kipato au ina siri za wateja bila ulinzi. Vinginevyo, SSD na RAM ndiyo matumizi yenye faida kuliko yote. Kabla ya fundi kushika bisibisi, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje.